Usizime Ule Ulaini wa Picha

Baba Rebeka,

Nimewahi mwaloni kununua samaki, sato. Uji wa mama yako uko kwenye chupa ya chai, mmiminie ungali moto.

~~Ile setingi ya TV ya kulainisha mwendo izime tu, ubishi wa jana umeshinda.~~ Usiiguse!

Najua unaichukia. Eti TV inajitungia picha ambazo kamera haikupiga, na filamu zako za vita zinakuwa kama igizo la kwaya. Lakini asubuhi hii, wewe bado unakoroma, nilimwekea mama video ya harusi yetu. Kwenye TV ya zamani marehemu baba yako alikuwaga anacheza kwa kushtukashtuka. Leo kacheza laini kabisa, kama yuko hapahapa Kitaji, sebuleni kwetu. Mama akaweka fimbo chini, akainuka, akaanza kucheza naye! Nimecheka mpaka machozi.

Picha za kutunga, sawa. Ila mama anasema ndivyo alivyochezaga.

Jioni anataka tena, na ameshaazima viatu vyangu vya kanisani. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, meza hii isogeze ukutani. Wawili hao watahitaji nafasi.

Mama Rebeka