Macho Mapya ya Ngigi

S.L.P. 417,
Kitengela.
15 Juni 2025

Mpendwa wifi Gathoni,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu Noonkopir. Mgongo wako unaendeleaje? Na Irungu, bado wanamweka zamu za usiku? Natumai baridi imewaachilia huko Edmonton, maana sasa imehamia kwetu; wiki nzima hatujaliona jua kabla ya saa sita. Sisi ni wazima. Mama alikuja kliniki juzi, presha imeshuka. Ann yuko shuleni Isinya na analalamikia chakula kama kawaida yake.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Naliaka, jirani yetu, anasafiri Alhamisi kuja huko kusoma, na amekubali kukubebea. Kwa simu huwa unanikatiza kabla sijafika katikati. Tena nimebana herufi hivi makusudi: hata ndugu yako akiiokota hii barua mezani, hawezi kuisoma. Vaa miwani yako uende nami polepole, kwa sababu Ngigi amenichosha, wifi. Amenichosha kabisa.

Ile picha aliyokutumia mwezi wa tatu, akiwa na vikinga macho vya plastiki kama mtu wa kuchomelea vyuma, ni ya siku aliyofanyiwa upasuaji wa leza. Siwezi kusema uongo, kazi ilifanywa vizuri. Haikumaliza hata nusu saa. Ile miwani yake mizito ilikwisha siku hiyo hiyo, na siku hizi akisimama mlangoni pa duka anakusomea nambari ya lori likiwa bado mbali huko barabara ya Namanga. Hiyo hakuna anayebisha.

Taabu yangu ni ya karibu. Daktari alituketisha chini, mimi nikiwepo, akaeleza kwamba mtu wa miaka arobaini na sita leza itamrudishia kuona mbali tu. Zamani Ngigi alikuwa akitaka kusoma kitu kidogo anavua miwani, anakileta puani, anasoma. Akaambiwa hilo ndilo litakaloondoka, na atahitaji miwani ya kusomea. Daktari hata alijitolea kuliacha jicho moja liwe la karibu. Bwana akasema hataki macho ya nusu nusu. Akatia sahihi, huku akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa habari za ng'ombe wa jirani.

Ingeishia hapo ningevumilia. Lakini Jumapili ya pili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akamkabidhi mchungaji miwani yake ya zamani mbele ya watu wote, akatangaza kwamba Ngigi na miwani hawatakutana tena mpaka kaburini. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikapiga pia, mjinga mimi. Sasa utamwambia nini mtu aliyeapa mbele ya kanisa zima? Nikimtajia miwani ya kusomea anasema balbu zetu ni hafifu. Nimebadilisha balbu mara mbili.

Zamu yake ya kusoma neno ikifika, anafungua Biblia popote na kutukariria mistari aliyoshikishwa Sandei skul. Tumeisikia mara tatu sasa. Nashon wa kamati ya kanisa alipofiwa na babake, ndugu yako akajibu kwenye kikundi cha simu, "Hongera sana, Mungu azidishe." Mimi ndiye niliyeenda kwa Nashon kuomba msamaha.

Hayo nilikuwa nacheka nayo. Hili la duka ndilo linaloninyima amani.

Unajua agrovet yetu, kama duka lolote la dawa za mifugo, inategemea maandishi madogo. Kila chupa iko na kipimo chake, na wafugaji wengi hawasomi lebo. Wanamuuliza Ngigi, ambaye wote wanamwita daktari. Mwezi jana alikuja Meitamei, mzee mmoja mpole wa upande wa Kajiado ambaye amenunua kwetu tangu tufungue. Alitaka dawa ya kunyunyizia mbuzi kwa ajili ya kupe. Ngigi akaishika chupa mbali na uso, akakunja macho, akaiinua kwenye taa, kisha akamwandikia Meitamei kipimo juu ya boksi kwa kalamu nene: mililita saba kwa kila lita ya maji. Nilikuwa nikimhudumia mteja mwingine, sikuangalia.

Siku ya tatu Meitamei akarudi na lile boksi mkononi. Mbuzi wake walitetemeka na kutokwa na mate jioni ile ile. Wanne walikufa. Waliobaki waliokolewa na mtu wa mifugo aliyekuja na sindano. Mzee hakuja kugombana, wifi. Alisimama pale kaunta na kofia mkononi.

"Daktari, labda ni mimi nilichanganya vibaya," akasema. "Wewe ulinipatia ile ya kawaida, si ndio?"

Na Ngigi akanyamaza. Akanyamaza mpaka mzee akajijibu mwenyewe, akatuaga, akaondoka.

Nilitoa chupa kama ile kwenye rafu nikaisoma. Ni mililita moja. Nilimwambia Ngigi pale pale. Akasema kampuni imebadilisha lebo, kisha akaenda kupanga magunia ya chumvi ambayo yalikuwa yamepangika. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayesoma kila chupa, lakini Jumanne na Ijumaa niko sokoni, na siku hizo nauza nyanya moyo ukiwa dukani. Leo ni mbuzi. Kesho mtu ataulizia dawa ya panya, na nyumbani kwake kuna watoto. Nina hasira naye na ninamwonea aibu, yote pamoja, na sijazoea kumwonea aibu mume wangu.

Ndiyo nikakukumbuka. Wewe ndiye uliyempeleka kupimwa macho akiwa darasa la sita, ukamnunulia miwani ya kwanza kwa mshahara wako wa kwanza, ukamwambia asione haya. Alikusikia wewe. Tafadhali mpigie simu.

Wifi, nilikuwa nimefika hapo aliporudi kutoka mkutano wa wazee wa kanisa. Akaniuliza namwandikia nani, nami bila kufikiri nikamnyooshea karatasi. Akaipeleka dirishani. Akanyoosha mkono mpaka mkono ukaisha. Nikangoja aseme balbu, na ilikuwa saa tisa mchana. Halafu akaja akaketi.

"Nisomee," akasema.

Nimemsomea yote. Sikuruka hata ile ya magunia ya chumvi. Nilidhani atanikaripia, lakini aliniomba nirudie pale kwa Meitamei, na niliporudia akajifunika uso. Kisha akasema mwisho wa barua niuandike kwa herufi kubwa, anataka kuusoma mwenyewe. Kwa hivyo usishangae mwandiko ukibadilika hapa chini.

KESHO ASUBUHI TUNAENDA KWA MEITAMEI. NGIGI NDIYE ATAKAYESEMA, MIMI NITAKAA KIMYA. MBUZI WANNE TUTAWALIPA.

Hayo ameyasoma peke yake, polepole, na kusema "tutawalipa" nimeiandika vibaya. Haina kosa lolote. Mtu huyu atanimaliza.

Msalimie Irungu na watoto. Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini. Mungu akulinde kazini na autulize huo mgongo.

Wako akupendaye,
Mwihaki

Dada, ni mimi. Ile miwani ya kwanza ulininunulia wewe. Naomba na hii ya kusomea. Nitavaa hata kanisani. Ngigi.