Maneno Ambayo Senje Hakuyasema

Mundika,
Busia.
14 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Egesa,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Hali yako huko Doha ikoje, na lile joto? Mgongo uliokuwa unakusumbua umepata nafuu? Sisi tunaendelea. Mama ana kikohozi kidogo, lakini haachi kupalilia mihogo yake.

Egesa, nimekasirika, na sitakuficha.

Ile video ya Senje Roselida uliyoitupa kwenye grupu ya familia, ukaandika "Senje amewaka!" na vicheko juu, ni ya uongo. Senje hakusema kwamba wanawake wa Uganda wanatuuzia njugu zilizooza. Hakusema wafukuzwe sokoni. Kuna mtu aliyechukua video yake, akaipa kompyuta, nayo ikamtengenezea midomo na sauti. Na lile gauni la kijani hukuliona? Ni wewe uliyemtumia! Alilivaa kwa harusi ya mdogo wetu Vivianne, akiwabariki maharusi. Video ya harusi unayo kwenye simu yako. Hukujisumbua hata kuiangalia.

Unajua kilichofuata? Video ilifika kwenye simu za watu wa sokoni, na kesho yake meza yake ya omena ilipinduliwa, samaki wakakanyagwa matopeni. Wanawake waliomchagua wenyewe awe mwenyekiti wao walimtemea mate. Senje wetu, dada wa marehemu baba, Egesa! Alirudi akajifungia ndani, hata chai akakataa.

Na aliyemtetea kwanza hakuwa mtu wa ukoo wetu. Ni Akiteng, yule mama wa Tororo, Uganda, anayeleta njugu. Aliwaambia wenzake, "Huyu si Roselida. Roselida akikasirika anagombana kwa Kisamia. Hiki Kiswahili cha redio amekitoa wapi?"

Akaipeleka video kwa vijana wa kwao wanaochunguza picha za uongo. Hao wakawapigia wenzao wa redio upande wetu, nami nikawapa ile ya harusi. Walipoziweka pamoja, kila kitu kilikuwa kilekile: mkono anavyouinua, maua mezani, hata mtoto anayepita nyuma yake. Midomo na sauti tu ndivyo vilivyobadilishwa.

Jumamosi iliyopita tukaenda sokoni, wanawake wa pande zote mbili za mpaka, tukawaonyesha watu video zote mbili kwa simu zetu, meza kwa meza. Redio nayo ikatangaza kwa Kisamia, Kiteso na Kiganda. Wengi walikuja kumwomba Senje msamaha. Wengine mpaka leo wanampita kama hawamwoni. Aliyeitengeneza hajajulikana. Tumeripoti, tumeambiwa tungoje. Tungoje nini? Mpaka mtu mwingine atengenezewe uongo?

Sasa rudi kwenye ile grupu. Usiifute video kimyakimya. Sema mbele ya watu wote kwamba ulieneza uongo, halafu umpigie Senje mwenyewe.

Mume wangu Oundo na Vivianne wanakusalimu sana. Mama anakuombea kila jioni. Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu mzima.

Senje anasema ameshakusamehe. Mimi bado.

Dada yako akupendaye hata kwa hasira hizi,
Nanjala