Uma Nilioomba Chennai

Mjukuu wangu Neema,

Hapa ugenini Malvern tuko salama. Bibi yako amepona kikohozi, anashona tena. Mtaa ulichafuka kidogo kwa fujo lakini umetulia, usiulize sana.

Umeniuliza ule vipi ukialikwa kwa bosi wako huko Chennai, maana unaogopa kuaibika. Na mimi niliogopa. Nilikuwa karani kijana kutoka Bujumbura, nimetumwa huko huko kujifunza kazi, na bosi ndiye angeamua nibaki au nirudishwe. Siku aliyonialika, wali ulipakuliwa juu ya jani la mgomba, wote wakala kwa mkono. Mimi, ili nionekane msomi, nikaomba uma. Waliutafuta nyumba nzima. Ulipoletwa, mama yake bosi aliacha kula, akasema neno kwa lugha yao.

“Mama anauliza kama chakula chake kimekuchukiza,” bosi akatafsiri.

“Hapana, mzee. Hata kwetu tunakula kwa mkono.”

“Sasa hapa unamwogopa nani?”

Niliweka uma chini, nikafinyanga tonge kama la ugali, jasho likinitoka. Yule mama alivitazama vidole vyangu.

Wiki nzima nilingoja barua ya kunirudisha. Ijumaa bosi akasimama mezani kwangu.

“Mama anauliza Jumapili utakuja saa ngapi.”

Bibi yako anasema kula ushibe. Mimi nasema ukitoka huko utupigie, hata ukichelewa. Sitalala.

Babu yako