Siku Ulipoacha Masufuria ya Msibani

Mama,

Huku Ndandalo tuko salama, mpunga umechanua. Wanunuzi wa kakao siku hizi ni wengi, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Kyela mjini sabuni za mche zimepangwa madukani hadi darini. Nikiziona roho inaniuma, maana nakumbuka ile miaka sabuni ilipoadimika, ukawa unafua khanga zako kwa majani ya mpapai kabla hatujaamka. Ulidhani hatujui. Tulijua, Mama, tulinyamaza tu.

Tatizo lilikuanza ulipomzaa kitindamimba wetu. Ukikohoa, ukicheka, ukinyanyua ndoo, mkojo unakuponyoka. Misibani ukawa wa kwanza kushika masufuria. Wenzako wamekaa ndani kwenye majani ya migomba, goti kwa goti, wewe uko nje unasugua masizi, khanga imelowa na hakuna wa kukuuliza. Wakakusifu kwa uchapakazi. Miaka tisa ulisifiwa kwa jambo lililokuwa linakuliza.

Kisha daktari wa hospitali ya misheni akakufanyia upasuaji. Mwaka ulipopita ukarudi kuangaliwa, na muuguzi aliyepewa fomu ya kuwauliza kina mama nilikuwa mimi. Kwetu mtoto hamuulizi mama yake mambo ya nguoni. Nikaweka sawa kofia yangu ya unesi, nikakaza uso. Nawe siku ile hukuniita mwanangu. Uliniita nesi, huku umebana kicheko.

Nikauliza: ukikohoa je? Ukasema ukikohoa sana, matone mawili matatu. Fomu ilikuwa na majibu mawili tu, amepona au hajapona. Nikaandika hajapona. Ukaniomba nikusomee, nikakusomea.

"Nesi, andika nimeacha masufuria," ukasema. "Msiba wa shangazi yako nilikaa ndani siku tatu. Nimelia mpaka sauti ikakauka."

Nikakujibu kwamba kwenye fomu hakuna nafasi ya masufuria. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu. Ukakaza khanga yako, ukasema "Ndaga fijo," ile ahsante yetu, ukaondoka. Nilikutazama ukivuka uwanja polepole, nikajua nimekukosea. Nikajiambia nitarekebisha wiki ijayo. Ngojangoja huumiza matumbo. Malaria ikakuchukua kabla masika hayajaisha.

Kwenye msiba wako nilikimbilia masufuria. Sikutaka mtu anione ninavyolia. Jirani yako, Mama Ambakisye, akanishika mkono hivyo hivyo wenye masizi.

"Mama yako alishatoka hapa," akasema. "Ingia ndani."

Akanikalisha katikati ya wenzako, kama ulivyokaa wewe kwenye msiba wa shangazi. Wakawa wanasimulia jinsi walivyokutania siku ile, kwamba umekuwa mvivu wa kuosha vyombo, nawe ukacheka mpaka machozi yakakutoka, na hukunyanyuka. Hawakujua ulichokuwa unakichekea. Mimi nilijua, na ndipo nilipolia kweli.

Mwezi uliopita nikapata moyo wa kumweleza daktari. Akasema niongeze swali kwenye fomu kwa mwandiko wangu. Nimeandika hivi: kuna jambo uliloliacha kwa sababu ya mkojo, na sasa unalifanya? Mmoja alijibu anapanda basi la Mbeya bila kushuka njiani. Mwingine amerudi kwaya, ingawa sauti yake, Mungu anisamehe, ingekaa tu nyumbani. Yuko pia ambaye halowi hata tone, lakini akasema bado anaogopa kukaa kwenye kiti cha mtu. Naye nimemwandika alivyosema.

Faili lako nimelitoa kabatini. Nilichoandika mwanzo sikukifuta, nimekiacha kinisute. Chini yake nimeweka maneno yako.

Nakukumbuka, Mama, hasa kile kicheko ulichokibana. Laiti ungekiachia. Nakuahidi sitaandika tena kwamba mtu amepona au hajapona kabla hajaniambia mwenyewe kupona kwake ni nini.

Pumzika sasa. Nesi ameandika: umeacha masufuria.

Mwanao