Bamba la Mashine ya Mama

Chumba cha juu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepoa. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeanza kuuma huku na vidole vinanipasuka kwa mvuke wa pasi, lakini kazi ya dobi ndivyo ilivyo. Wageni wa hoteli wanabadilishiwa shuka kila siku na shuka hazijipigi pasi zenyewe. Nimekula, nimelala, nina koti. Hayo ndiyo unayoniuliza siku zote, nami nimeyajibu yote mapema ili tusipotezeane muda.

Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Ukiona mwandiko unaanza kupinda huko chini, ujue salamu zimekwisha.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Kaka, kwenye simu wewe hushikiki. Nikikuuliza jambo unacheka, na ukimaliza kucheka mtandao unakatika. Anayekuletea barua hii ni mwenzangu wa dobi, yule wa mapazia, anakuja likizo. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asikubali hata chai mpaka uwe umeisoma mbele yake.

Unakumbuka mwaka jana mama aliponiambia mwenyewe, kwa sauti yake, kwamba mashine yake ya kufumia masweta imepasuka lile bamba la mbele, lenye brashi ndogo na vigurudumu, linalosukuma uzi kwenye sindano. Mashine ya Kijapani, imenizidi umri, na waliozitengeneza wameacha zamani. Fundi wa huko akalibana bamba kwa waya, sweta zikatoka na matundu, mwalimu mkuu aliyemwagiza sweta za shule akarudisha mzigo mzima. Mama hakulalamika. Alisema tu kwamba kukaa bure kunamtia baridi. Nikamwambia nitalipata bamba jingine, na nilisema hivyo kama mtu anayejua pa kuanzia, kumbe sikujua hata mlango.

Aliyenionyesha njia ni mpishi wa hotelini. Yule bwana ana ugonjwa wa visu vya Kijapani, mshahara wake wote unaishia kwenye visu na mke wake alishakata tamaa. Akaniambia vitu vya zamani vya namna hiyo bado vimejaa Japani, kwenye makabati ya watu, ila wauzaji wengi hawatumi nje ya nchi yao. Inabidi uwe na wakala mwenye ghala huko huko, anunue kwa niaba yako, apokee, afunge upya, ndipo akutumie. Basi nikaanza. Kila mapumziko nimekaa kwenye ngazi za dobi na simu, nasoma matangazo ya Kijapani yaliyotafsiriwa na mashine. Kiswahili chake ungekisikia ungekaa chini kwa kucheka. Bamba la mama liliitwa sahani ya kuzamishia.

La kwanza lilikuja si lenyewe. Muuzaji alikuwa ameandika namba ya mashine waziwazi, mimi nikaona picha nikaparamia. La pili nilinyang'anywa kwenye mnada nikiwa nimeinamia shuka. Kila mara nikakupigia kukueleza, na kila mara ukanitia moyo. "Tafuta tu, mdogo wangu, mama hana lingine analouliza. Kila asubuhi ni bamba, bamba." Hayo ni maneno yako. Nimeyarudia moyoni mara nyingi sana tangu juzi.

Sasa nikueleze jinsi wale watu wanavyouza, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Kwetu mwenye nyanya anakugeuzia upande ulio mzima. Wale wanakugeuzia upande uliooza. Picha ya kwanza ni ya kitu kizima, halafu picha nyingine zote ni za kasoro: hapa pameingia kutu, hapa rangi imebanduka, hapa sikupajaribu kwa hiyo siwezi kukuahidi. Mwanamke aliyeniuzia bamba hili la mwisho aliandika kwamba lina mkwaruzo kama punje ya mchele, nyuma, kushoto. Brashi moja imelika. Linanuka kabati. Lilikuwa la mama mkwe wake, ambaye sasa yuko kwenye nyumba ya wazee na hafumi tena. Mwisho akaandika kwamba mwenye roho ya kuchagua sana, tafadhali asinunue. Mimi na yeye hatujuani wala hatutajuana. Angeninyamazia, ningemfanya nini?

Basi na mimi macho yakazoea. Siku hizi nikiona picha ya kitu chochote naikuza, naanzia pembeni, kwa sababu kutu hupenda kujificha pembeni. Nilifanya hivyo hata kwa picha uliyonitumia wewe.

Ile picha ya mzigo, Kaka, ambao wakala aliutuma moja kwa moja kwako. Bamba limefika, umeliweka juu ya kiti, boksi halijafunguliwa, na chini umeandika mama anacheka peke yake kwa furaha. Nikaikuza ili nione kama boksi limebonyea. Halikubonyea. Kwenye kona ya kushoto nikaiona mashine ya mama imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake pameketi televisheni. Mbele ya televisheni kuna bilauri yenye mrija na kopo la poda ya mtoto. Nyumba yako haina mtoto mchanga. Nyuma ya kiti, kwa chini, ukaonekana ukingo wa kitanda, na godoro limevikwa nailoni. Kitanda sebuleni. Nilikaa na ile picha mapumziko yote, nikarudi kazini nikaunguza foronya.

Sikukupigia wewe. Nilimpigia wifi, saa ambazo najua uko gereji, kwa sababu wifi hajui kusema uongo na sasa naelewa kwa nini muda wote umekuwa unampokonya simu. Nilimuuliza swali moja tu, kitanda kile ni cha nani. Nikasikia anavuta kamasi. "Wifi, mimi nilimwambia mume wangu hili jambo litatutokea puani."

Kwa hiyo najua. Najua kwamba mama alianguka bafuni tangu shule zilipofunguliwa, kwamba ni kiharusi, kwamba mkono wa kulia na mguu wa kulia havimsikii tena na ulimi umekuwa mzito. Anajua watu. Anajua mambo yote, ila hawezi kuyasema. Tangu wakati huo mimi nimekuwa nikihangaikia bamba la mashine kwa mtu asiyeweza kushika kijiko, na wewe ulijua, ukaniambia tafuta tu.

Wifi anasema mwanzoni ulikuwa unaweka simu kwa sauti ya juu ili mama anisikie. Lakini kila akinisikia aligeuza kichwa, akafungua mdomo, machozi yakamtoka kwa sababu neno halikutoka. Ndipo ukaanza kutoka na simu nje. Nami nilikuwa nakulaumu kwa kelele za barabarani. Mama alikuwa anataka kuniambia jambo, Kaka, na wewe ukawa unamfungia mlango.

Na siku ile niliyong'ang'ania kuongea naye, ukasema yuko kwenye mashine, anaijaribu na lile bamba la waya, hebu sikiliza. Nikasikia gari la mashine, lile linalobeba bamba, likienda na kurudi juu ya sindano, kwaruu, kwaruu. Nililia kwa furaha pale ngazini, mpishi akanipa kitambaa chake. Wifi ameniambia aliyekuwa analiburuta ni wewe, bila uzi, umechuchumaa na simu mkononi, na mama anakutazama kutoka kitandani. Nimejaribu kukasirika kwa hilo nimeshindwa, nimebaki na maumivu tu. Sijui ulikuwa unamfikiria nani wakati unaburuta.

Utasema ulinihurumia. Utasema mtu aliye mbali haambiwi maradhi, ataumia bure na hana la kufanya. Ndivyo sisi sote tulivyozoea, funika kombe mwanaharamu apite. Lakini hata wazee waliotufundisha kufunika ndio hao hao waliosema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulikuwa unasubiri kipi, nipigiwe simu siku ya kuzika niambiwe alianza ghafla jana?

Na kuna lingine, ambalo wifi hakulisema na mimi nimelikisia. Unajua karatasi zangu za ukaazi bado ziko mezani kwa wakubwa wa huku, na anayetoka kabla ya kupewa jibu huanza upya, au hafunguliwi tena mlango. Uliogopa nitarudi na kila kitu kiharibike. Huenda hofu yako ilikuwa ya haki. Huenda hata mimi ningeambiwa ningelia siku mbili kisha nikabaki, nikaendelea na pasi zangu. Sijioni mwema kiasi hicho. Lakini ningekuwa nimebaki mimi, kwa akili yangu, na ningekuwa nampigia mama kila siku namsimulia habari za mpishi na visu vyake, bila kumngoja ajibu. Angenisikia. Wewe ulikata shauri kwa niaba yangu na ukamkatia na mama pia, halafu ukanitengenezea mama mwingine wa maneno, anayeuliza bamba kila asubuhi. Mama huyo nilimpenda sana. Nimefiwa naye juzi na sina pa kumlilia.

Mimi ni kitinda mimba, najua. Kwenu nitabaki mtoto hata nikiota mvi. Baba alipofariki pia mlinipeleka kwa jirani nikacheze, nikarudi jioni nikakuta viti vimejaa uani, na hakuna aliyenieleza. Sikuwahi kukuambia kwamba niliamini amekwenda kununua viti vingine.

Jana nilikwenda kwa msimamizi wa dobi, nikamrudishia aproni na ufunguo wa kabati. Aliniuliza kama nimefikiria vizuri kuhusu karatasi, maana yeye mwenyewe alipitia njia hiyo hiyo. Nikamwambia nimefikiria. Ameniahidi kunishikia nafasi kama nitarudi, na sote wawili tulijua ni maneno ya kuagana. Nafika Alhamisi ijayo, jioni. Usihangaike kuja kunipokea, nyumbani napajua.

Nina ombi moja na naomba usilicheze. Usirudishe kile kitanda chumbani kabla sijafika. Usiiondoe poda, usiitoe nailoni, usimvike mama gauni la sikukuu na kumkalisha kitini akiegemezwa na mito ili nikute picha nzuri. Mwache kama alivyo. Na usiniambie anaendelea vizuri. Andika au sema, kama yule mama wa Japani aliyenionyesha mkwaruzo: mkono uko hivi, mguu uko hivi, usiku analala au halali, ana kidonda mgongoni au hana. Najua si vizuri kumsema mama kama bidhaa. Lakini mgeni kabisa aliniheshimu kwa bamba la plastiki kuliko ndugu yangu wa tumbo moja kwa mama yetu.

Lile bamba liache kwenye boksi lake. Halina kosa.

Nisalimie watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka na hakuja na kitu safari hii. Nisalimie jirani anayekuja kumsuka mama nywele, nimeambiwa haji mikono mitupu, Mungu amzidishie. Mjomba mwambie nimekasirika naye pia, kwa sababu alijua. Wifi yangu mpe salamu mara mbili, na nisisikie umemgombeza kwa kuniambia. Ukimgombeza tutakosana kweli, na mpaka sasa bado hatujakosana, nimeumia tu.

Nawe Mungu akupoze kifua, akulipe kwa kila usiku uliomgeuza mama kitandani, maana wifi amenieleza kwamba ni wewe unayemgeuza, humwachii mtu. Hilo nalo ulinificha. Lingetosha kunifanya nikuheshimu maisha yangu yote, kama ungeniambia.

Mama usimpe salamu zangu. Nimekuwa nikikupa wewe salamu zake muda wote huu, ukatoka nazo nje. Zake nitampa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa hasira,

Kitinda.