Alama Niliyoifuta kwa Kiatu

Mabula ndugu yangu,

Mwangaluka. Nakuandikia asubuhi hii kabla sijafungua kibanda changu cha redio, maana akina Limbu wakishafika hakuna mtu anayeweza kuandika hata jina lake. Unawajua. Limbu ni fundi viatu gani, anashika kiatu kimoja kuanzia saa tatu mpaka saa nane, halafu kinachokamilika ni maneno?

Nikupe habari kwanza. Mvua zilichelewa lakini pamba imekubali, na vituo vya ununuzi vimefunguliwa. Mwanao Doto amefaulu, anaanza kidato cha tano. Redio bado zinaletwa kwangu zikiwa zimejaa mende. Na yule bingwa wetu, tuliyembatiza Mfinyanzi kwa sababu hakutoka uwanjani hata siku moja bila udongo kwenye soksi, ameachana na tenisi. Tulimtazama akiaga kwenye televisheni yangu ileile yenye mstari wa kijani pembeni. Hajamaliza kupunga mkono, Limbu akasema, "Sasa tuongee vizuri. Miaka yake bora hasa kwenye viwanja vya udongo ilikuwa ipi?" Ubishi ukaanza upya, kana kwamba hatukuwahi kuufunga.

Ubishi ule tuliufunga mimi na wewe, na mimi ndiye ninayejua ulifungwaje.

Unakumbuka tulivyoanza. Hapa kwetu Somanda watu wote wanabishania mpira wa miguu, sisi tukajichagulia tenisi. Walituona kama watu waliokosa kazi. Lakini nyuma ya kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba kulikuwa na uwanja uliosahaulika, umeota nyasi mpaka katikati, na wewe ukasema huo ni wetu. Ukaleta udongo wa kichuguu kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tukautwanga, tukaunyunyizia maji, tukausawazisha kwa pipa tulilolijaza zege, mgongo wangu ukauma wiki nzima. Mkeo alipokuja kuuona alisema tumeuwekea mpira sakafu nzuri kuliko ya chumbani kwake. Ulicheka, lakini Jumapili iliyofuata nilikukuta unasiriba chumba.

Mimi nilishika upande wa miaka ya mwanzo ya Mfinyanzi. Alipokuwa kijana alifukuza kila mpira, hata ule ambao mtu mwenye akili zake angeuaga tu. Wewe ulishika miaka ya mwisho, mwili wake ulipokuwa umeanza kulalamika na yeye akaanza kuchagua. "Mwanzoni ujana ndio uliokuwa unamchezea," ulisema. "Huku mwishoni ndipo anapocheza mwenyewe." Nilichukia maneno yale kwa sababu yalikuwa mazuri na hayakuwa yangu. Kuanzia siku ile kila anayekaa kibandani akawa na upande wake, na wa upande wako walikuwa wengi.

Wazo la kwenda kuumaliza ubishi uwanjani lilikuwa langu. Sipendi kushindwa, unanijua, hata kwenye bao naondoka na kete mfukoni. Tulikubaliana seti moja. Mimi nicheze kama Mfinyanzi wa mwanzo, nikimbie. Wewe ucheze kama yule wa mwisho, ufikiri. Atakayeshindwa atatetea upande wa mwenzake mbele ya watu mwaka mzima. Wewe ulikuwa na miaka hamsini na mmoja, mimi arobaini na sita, na kwa tofauti hiyo ya miaka mitano nilijiona kijana. Robo saa haikuisha, nikawa napumua kwa mdomo.

Uwanja wa udongo una jambo lake: mpira ukidunda unaacha alama. Mkibishana, mnakwenda kuitazama. Kanuni ya pale kwetu uliiweka wewe mwenyewe. Aliyepiga mpira ndiye anayevuka neti kutazama alama, ndiye anayesema ni ndani au nje, na ndiye anayeifuta kwa mguu ili mchezo uendelee. Limbu alisema unampa mwizi ufunguo wa ghala. Ukamjibu kwamba mtu akishainama kuitazama ardhi, uongo unamwisha.

Ulibakiza pointi moja tu kunishinda. Nilipiga mpira mrefu kwenye kona yako, ukautazama ukipita, ukasema, "Nje," taratibu, huku unatabasamu. Limbu na wenzake walikuwa wamesimama kwenye uzio nyuma yangu, kule mbali, hawakuona kitu. Nikavuka neti. Wewe ukanipa mgongo, ukaenda kunywa maji.

Niliinama, Mabula. Alama ilikuwa nje ya mstari wa chokaa kwa upana wa vidole viwili. Hata mtu aliyelewa angeiona. Nyuma yangu watu walikuwa wanaliita jina langu, na nikafikiria jinsi nitakavyorudi kibandani nimeshindwa na mtu anayenizidi umri. Nikaweka kiatu juu ya alama, nikazungusha soli, nikasema, "Ndani."

Uligeuka na kopo mkononi. Uliniangalia mimi, ukaangalia pale chini ambapo hapakuwa na kitu tena. Ukauliza, "Ndani?" Nikasema ndani. "Haya," ukasema. "Basi macho yangu yameanza kuzeeka." Mipira iliyofuata ukaipiga kwenye neti, mmoja baada ya mwingine, seti ikawa yangu, nikabebwa juu juu mpaka barabarani.

Nilijiambia ni utani. Nilijiambia nitakueleza siku moja tukiwa tunacheka. Lakini wewe si mtu wa kuvunja neno. Wiki ileile ulisimama kibandani ukatetea miaka ya mwanzo, tena kwa hoja ambazo mimi sikuwahi kuzifikiria, na watu wa upande wako wakahamia kwangu mmoja mmoja. Ulinishindia ubishi wangu mwenyewe. Mimi nikawa nachezea bisibisi tu.

Kisha ukataka kupima macho. Nilikusindikiza mimi, nikakaa kwenye benchi nje. Ulitoka unacheka, ukasema umesoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa na daktari amekuambia macho mazima. "Lakini daktari hakuwepo uwanjani," ukasema. "Mimi niliona nje mpira uliokuwa ndani." Uliniamini mimi kuliko mtu aliyesomea macho. Pale nilikuwa na nafasi. Hakukuwa na Limbu wala mtu yeyote, ni sisi wawili tunatembea kuelekea stendi. Nilifungua mdomo, nikakuuliza kama umekula.

Laiti ingekuwa ni tenisi tu. Miaka kumi na minane ulikuwa mpima pamba wa chama chetu cha msingi cha ushirika. Kuna wazee waliokuwa wanakataa kushusha magunia kama hujafika, kwa sababu ulikuwa unasoma mizani kwa sauti, halafu unasogea pembeni ili mwenye pamba aje ausome mshale mwenyewe. Nimewasikia wakikuambia wabeja, asante, kwa kilo zao walizozitolea jasho, kana kwamba wewe ndiye uliyewapa. Msimu ulipofunguliwa ukamwomba katibu akutoe kwenye mizani. Ulisema hutaki kumwibia mtu kilo kwa macho mabovu. Wakakuweka kwenye kushona magunia, wewe, na kijana ambaye hata salamu hajui akasimama pale ulipokuwa unasimama.

Ukanunua miwani mnadani, ya kubahatisha, na kichwa kikaanza kukuuma, uivae usiivae.

Hapa ndipo ninapopakimbia kila siku, na leo sipakimbii. Kila mtu alisema kichwa ni cha macho. Mkeo alisema hivyo, katibu alisema hivyo, na wewe mwenyewe ulikuwa unabadilisha miwani hii kwa ile na kusema labda hii itanifaa. Alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua kwamba si macho. Mtu huyo alitakiwa kusema, "Mabula, twende ukapime presha." Lakini ungeniuliza nimejuaje kwamba si macho, na mimi ningelazimika kujibu. Nikanyamaza. Siku moja nilikuletea hata miwani nyingine mimi mwenyewe, nikakuvisha, nikasema imekupendeza.

Ulianguka kituoni saa nne asubuhi, sindano ya kushonea magunia ikiwa bado mkononi. Walisema ni presha, na kwamba si ya jana wala juzi.

Sijui kama ungepona. Sijifanyi Mungu. Najua tu kwamba ungepimwa.

Msibani kwako wakanipa nafasi niseme machache kama rafiki yako. Unajua nilisema nini? Nilisimulia ile mechi. Nikasema marehemu alikuwa muungwana, alijua kukubali kushindwa. Watu walicheka huku wanajifuta machozi, wakanishika mkono. Nilikudanganya tena, jeneza likiwa hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama.

Ningeendelea kunyamaza, sikufichi. Mimi si mtu mwema kama ulivyokuwa unadhani. Lakini msimu huu wakulima wameanza kusema. Wanauliza, kama macho ya Mabula yalikuwa mabovu, yalikuwa mabovu tangu lini? Mzee mmoja, yule aliyekuwa anakataa kushusha magunia kabla hujafika, alisimama mbele ya watu kituoni akasema labda miaka yote hiyo alikuwa anapunjwa na hajui, kana kwamba mshale hakuwahi kuusoma mwenyewe. Hakuna aliyembishia. Doto alikuwepo pale, amepeleka pamba ya mama yake. Alisikia yote, akafunga mkokoteni wake akaondoka.

Jumamosi iliyopita ubishi ulikuwa umepamba moto kibandani, na Limbu akataka kuwanyamazisha wenzake. "Hili liliamuliwa uwanjani," akasema. "Marehemu mwenyewe alikubali. Au siyo, Masanja?" Wote wakanigeukia. Nikazima televisheni. Nikawaambia mpira ulikuwa nje na alama niliifuta mimi.

Kisha mmoja wao akauliza, "Kwa hiyo miaka ya mwisho ndiyo imeshinda?" Wakaanza tena. Limbu akanipiga begani, akasema, "Aa, Masanja, mchezo ni mchezo." Nilitamani anipige usoni. Waliniachilia kama mtu aliyevunja glasi ya chai, na hakuna hata mmoja aliyefikiri mbali zaidi ya uwanja.

Nikafunga kibanda, nikaenda kwako.

Shemeji alikuwa uani anapepeta choroko. Alinisogezea kigoda, sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, mpira, daktari, miwani niliyokuletea, yote. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo alikuwa anaona?" akauliza.

Nikasema, alikuwa anaona.

"Na kile kichwa?"

Aliweka ungo chini, akaangalia upande wa ua wa minyaa. Mabula, mimi nimekula kwenye nyumba yako kuliko nilivyokula kwangu. Sijawahi kuona mgeni anatoka pale bila kunawa mikono. Shemeji akasema, "Leo usisubiri ugali, Masanja." Miaka yote ananiita shemeji. Siku ile aliniita jina.

Nilikuwa nimeshafika njiani aliponiita tena. Hakupaza sauti. "Mimi umeniambia," akasema. "Wale aliowapimia, nani atawaambia?"

Mkutano mkuu wa chama ni kesho kutwa, kwenye uwanja wa shule. Nimemwomba katibu dakika tano. Anadhani nataka kuzungumzia vipaza sauti, kwa kuwa mimi ndiye ninayevitengeneza, akanikubalia bila kuuliza. Nitasimama mbele ya wakulima wote, nitaanza kwa kutaja jina langu na kazi yangu. Kuna watakaoacha kuniletea redio zao, na wana haki. Aliyedanganya juu ya mstari atashindwaje kudanganya juu ya spea? Mdomo huu uliwahi kusema "ndani" bila kutetemeka, kwa hiyo utaweza.

Sikuombi msamaha. Nakujua, ungesema "Haya" na kunisogezea kiti, na mimi ningerudi kibandani mwepesi kama aliyemtwika mtu mwingine mzigo wake. Acha niubebe. Ninachokuahidi ni kimoja. Yeyote atakayetaja jina lako pamoja na mizani, nitahakikisha anajua kwamba ulisoma sawasawa kila kilo, mpaka siku uliyojitoa mwenyewe kwa sababu yangu. Yule mzee nitamfuata hadi zizini kwake hata kama mkutanoni hatafika, na nitamwambia nikiwa namtazama usoni. Na Doto nitamwambia kabla ya wote, kesho asubuhi, asije akalisikia kwenye kipaza sauti.

Kwaheri, ndugu yangu. Macho yako yalikuwa mazima. Mpira ule uliuona.

Masanja