Uzi wa Tatu

Nives, acha kukoroga huo ugali wako wa polenta usome.

Nimeaibika uwanjani leo, na kinyago changu cha mtumishi usoni. Unajua pale kwenye mchezo wetu, bwana mzee anaponituma nimpigie mchumba wake gitaa chini ya dirisha, nami natoa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia?

Leo imetoka tamu. Tamu kabisa. Bergamo nzima imetulia kama iko kanisani, hakuna hata mmoja aliyecheka.

Kuna mtu kalishika gitaa langu.

Halafu Corrado, yule anayeigiza bwana mzee, kanifuata nyuma ya pazia. "Pole, ndugu yangu. Kumbe uzi wa tatu umepona?"

Uzi wa tatu. Kajuaje ni wa tatu? Huwa naulegeza mwenyewe, kwa siri, kabla ya onyesho. Wenzangu wote wanadhani gitaa ni bovu tu.

Na sasa kiongozi wetu anasema Jumamosi mtumishi awe Corrado.

Ngoja. Siri hiyo nimemwambia mtu mmoja tu. Jikoni kwake, akikoroga polenta.

Nives, tiki zimeshakuwa za buluu. Mbona hujibu?